Ngazi Tisa za Eedo

Fundi wa baraza la jiji alikuja asubuhi moja na kisanduku cha vyuma vyeupe, akaanza kutufungia vishikio bila hata kuvua koti. Kimoja chooni, kimoja kando ya bafu, viwili kwenye ngazi za kupanda juu, kimoja mlango wa mbele, kimoja mlango wa nyuma. Kikabaki kimoja. Akatazama huku na huku, akaona ukuta wa ukumbini ambao hauna ngazi wala kizingiti wala kitu chochote cha kumwangusha binadamu, akakifunga hapo. Nikamuuliza hicho ni cha nini. Akasema ameandikiwa saba, na akiandikiwa saba anafunga saba.

Shangazi yangu alikuwa amekaa kochini akimwangalia, goti lake limenyooshwa juu ya stuli, uso ameukunja kama anayefungiwa ndani ya seli. Fundi alipoondoka, akasema, "Huku sijaomba hata kimoja, nimepewa saba. Kwangu nimeomba kimoja, naandikiwa barua."

Kwake ni Ufaransa, na nitaeleza, lakini kwanza nimtambulishe. Ni dada ya baba. Sisi Wasomali shangazi wa kuumeni tunamwita Eedo, naye hukuita Eedo vilevile, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi. Kwa hivyo katika nyumba yetu pale Shard End, Birmingham, kulikuwa na wanawake wawili wanaoitana Eedo kutoka asubuhi hadi jioni, mmoja jikoni na mwingine kochini, na wote wawili sauti zetu ni za kupasua ukuta. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno ya pili. Eedo ndiye aliyenilea, Eastleigh, Nairobi, mpaka nilipofika miaka kumi na minne, akaondoka kwenda Ulaya kutafuta maisha, na kule akaolewa na Mfaransa. Bwana mwenyewe alikuwa mwashi wa mawe. Alisilimu kabla ya nikaha, na baada ya hapo akawa mkali wa dini kuliko ukoo wetu wote ukiujumlisha.

Huyo marehemu ndiye aliyemwachia ile nyumba. Ni nyembamba, ina orofa tatu, na mgongo haina: ukuta wake wa nyuma ni ukuta wa ngome ya mji, ule uliojengwa zamani kuzuia maadui wa wafalme sijui gani. Mlango hauko chini. Unaufikia kwa ngazi tisa za mawe zilizo nje, zimelika katikati kwa nyayo za watu, mkono wa kushoto ukuta mtupu, mkono wa kulia hewa. Serikali ya kule imeiandika katika orodha ya majengo ya kale yanayolindwa. Maana yake ni kwamba dirisha ni lako lakini rangi ya dirisha si yako. Ukitaka kubadilisha kitasa unaomba. Mumewe alikuwa akisema yeye anamiliki nyumba ile kuanzia kwenye lipu kwenda ndani, ya nje ni ya watalii.

Sasa, Eedo angekaa zake pale mpaka leo kama si jambo alilolifanya yeye mwenyewe, na ambalo halingefanywa na mtu mwingine yeyote katika mji ule isipokuwa mtu wa kwetu.

Baba yangu aliwahi kulazwa hospitalini Nairobi, na alipotoka alikuta ploti yake imeuzwa kwa watu watatu. Watu watatu, kila mmoja na karatasi zake, wanapigana wao kwa wao, na jambo pekee walilokubaliana ni kwamba baba aondoke. Tangu siku ile katika ukoo wetu hakuna anayesafiri na kuacha nyumba, ploti, hata banda la kuku, bila kuliandika. Mkenya yeyote anajua ninachosema. Pita barabara yoyote utaona maandishi ukutani, rangi nyekundu, herufi kubwa za kutisha. Basi Eedo alipoamua kuja Birmingham kunitembelea wiki mbili, roho haikumtulia. Mume amekufa, nyumba iko peke yake, ufunguo anao yeye. Akanunua mkebe wa rangi nyekundu, akatoa stuli ya jikoni, akaiweka pale juu mbele ya mlango, akapanda, akaandika kwenye ukuta ambao mabwana wakubwa wa serikali hawaruhusu hata kijiti cha ua kiuegemee: NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI.

Sivyo hasa. Aliandika hadi MATAPEL. Alipokuwa akijivuta kuiandika herufi ya mwisho, stuli ikateleza, na Eedo akashuka ngazi zote tisa kwa njia ambayo hakuikusudia, brashi mkononi. Ukutani kuna mstari mwekundu unaomfuata hadi ngazi ya nne kutoka chini. Baada ya hapo alikuwa ameiachilia brashi.

Goti likapasuliwa kule kule. Nikaenda kumchukua, nikamleta kwangu apone, na zile wiki mbili zikawa miaka miwili.

Nilipomuuliza kwa nini aliandika kwa Kiswahili, katika mji ambao hakuna roho moja inayokisoma, alinitazama kama aliyegundua leo jinsi nilivyo mjinga. "Matapeli ninaowajua mimi," akasema, "wote wanasoma Kiswahili."

Kama angeanguka bila kuandika, mambo yangekwenda kimya. Angemwita fundi wa mtaani, angefungiwa chuma cha kushika ukutani Jumapili moja watu wamelala, na nani angejua. Lakini yale maandishi yaliamsha ofisi nzima. Kuanzia siku ile nyumba ikawa na faili, na kila kitu cha nyumba ile, hata goti la mwenyewe, kikaingia ndani ya faili.

Daktari wa Birmingham alisema goti limepona kadiri litakavyopona. Anaweza kupanda ngazi, lakini lazima ashike kitu kwa mkono mmoja. Basi. Hilo tu ndilo lililobaki kati ya Eedo na nyumba yake: kipande cha chuma, urefu wa ngazi tisa. Begi lake lilikaa chini ya dirisha chumbani kwangu kule juu, halijafunguliwa lote, anatoa nguo moja anairudisha. Nikimwambia apange nguo kabatini, ananijibu, "Hapa napumzika, Eedo. Sikai." Ufunguo wa ile nyumba, mrefu kama kijiko cha kupikia, aliutundika shingoni na kulala nao.

Barua za kule ziliandikwa Kifaransa cha wakubwa. Eedo ana Kifaransa cha sokoni na cha mume, anaweza kugombana nacho vizuri sana, lakini barua za ofisi zilimshinda. Mimi ninafundisha wanawake kuendesha gari, ndiyo kazi yangu, nazunguka mji huu mchana kutwa nikipiga kelele "breki, dada, breki." Na mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mama Mkongo, mtu wa Bukavu, anayekaa Erdington, ambaye alikuwa ameanguka mtihani mara nyingi mpaka wale watahini wanamwamkia kwa jina. Tukapatana. Mimi namfundisha, yeye ananisomea. Tatizo ni kwamba hakuwa na wakati mwingine ila ule wa masomo yetu, kwa hiyo barua za serikali ya Ufaransa kuhusu jengo lake la kale zilisomwa kwenye taa nyekundu. Taa ikigeuka kijani ananirudishia karatasi, anatia gia, tunasonga mpaka nyekundu nyingine.

Barua ya kwanza ilisomwa kwa taa tano. "Mwalimu, banasema ile maandiko musiiguse," akasema. "Musisafishe, musisugue. Jiwe iko laini. Hata mvua banaiogopa."

"Si wanataka ifutwe?"

"Banataka. Lakini kufuta nako ni kosa. Banangoja mutu wa kujua namna ya kufuta." Taa ikabadilika. Kwenye taa iliyofuata akaendelea, "Na banauliza ni maandiko ya nini. Banataka mwenye kuandika aseme maana."

Nilimpelekea Eedo habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Macho yalimng'aa, nikajua hapa kuna balaa. "Kumbe wanataka kitu kwangu," akasema. "Waandikie. Nitawapa maana, wanipe chuma."

Nikamwambia Kiswahili si siri ya jeshi, wanaweza kumuuliza mtu yeyote. Akasema wamuulize basi. Na wallahi hawakumuuliza mtu. Kanuni yao, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, ni kwamba tamko linatoka kwa mwandishi mwenyewe au halipo. Kwa hivyo ofisi nzima ya watu wenye digrii ilikaa ikitazama maneno NYUMBA HII HAIUZWI kwa muda wa mwaka na nusu bila kujua yamesema nini, na bibi mmoja Shard End amewabania.

Chuma wakakikataa. Walisema ngazi zile tangu zijengwe hazikuwa na kishikio, na kutokuwa nacho ni sehemu ya sura yake inayolindwa. Kwa maneno mengine ile hewa ya upande wa kulia nayo imo katika orodha. Tukaomba cha mbao, wakakataa. Tukaomba kamba, wakasema kamba haikidhi usalama. Barua moja ilimshauri Eedo kwa upole atumie mlango wa nyuma. Tukawajibu kwamba nyuma ni ngome yao. Wakaandika tena wakikiri, na wakaonya kwamba kutoboa ngome ni kosa la jinai, kama vile Eedo alikuwa tayari ameshika nyundo.

Kila barua walitaka michoro. Mchoro wa ngazi kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu, na mmoja unaoonyesha chuma "katika mazingira yake." Mimi ndiye niliyechora, kwenye meza ya jikoni, na mimi kuchora sijui. Ng'ombe wangu shuleni alikuwa akidhaniwa meza. Na kwa sababu nimeamua kusema ukweli hapa, niseme na hili: sikujikaza. Nilichora ovyo, na barua ya kukataa ikija, mdomoni nasema "hawa watu wana roho mbaya," na tumboni najisikia vizuri.

Nilikuwa nimeachika. Binti yangu alikuwa ameenda chuo mji mwingine, na nikimpigia simu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza mbio mbio aende zake. Halafu akaja Eedo, na nikawa naamka nikisikia harufu ya anjera, chapati zetu za maji, kikaangoni. Nikichelewa kurudi kuna mtu anauliza nilikuwa wapi, kwa ukali, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na kitu ninajieleza mlangoni, na napenda. Aliniacha nikiwa na miaka kumi na minne. Sikumlaumu, mkate hutafutwa, lakini nilikuwa namdai hiyo miaka, na sasa ofisi ya watu nisiowajua ilikuwa inanirudishia. Kila waliposema hapana nilipata mwezi mwingine.

Aliyeniharibia ni mzee mmoja wa Kings Heath.

Eedo alipata habari zake msikitini kwa mtu aliyezisikia kwa mtu: kalasinga, fundi wa chuma, mzaliwa wa Kisumu, amestaafu lakini karakana yake iko bado nyuma ya nyumba. Akanilazimisha nimpeleke. Wale wawili walipoonana walianza na Kisumu, duka gani lilikuwa kona gani, nani alimwoa nani, na mimi nimesimama pale na michoro yangu nusu saa nzima. Mwishowe akaichukua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hii ni nini, mama?" akaniuliza. "Ngamia?"

Eedo akamweleza kwa mdomo. Mzee akafikiri. "Ukuta hapana gusa?"

"Hapana gusa."

"Jiwe hapana toboa?"

"Hata kulikwaruza."

"Basi tafanya na miguu yake. Kama kitanda. Naweka, nashika, napanda, natoa. Mimi nimetengeneza geti ya shule mzima Kisumu, hii itanishinda?"

Akatengeneza. Kilikuwa kitu cha ajabu: chuma kirefu cha vipande viwili vinavyoungana, miguu minane ya urefu tofauti, kila mguu umevishwa mpira. Tulikipeleka kukijaribu kwenye ngazi za nje za jengo moja la zamani hapo hapo Kings Heath, lililofungwa na halina mtu. Tukakipanga, Eedo akashika, akapanda, akashuka, akapanda. Hakuwa amepanda ngazi za nje tangu siku ile ya brashi. Kisha akaja bibi Mwingereza na mkoba wake, akakishika, akapanda hadi kwenye mlango uliofungwa, akashuka, akatushukuru, akaenda zake. Nyuma yake wakaja wengine wawili. Sikuelewa walikuwa wanakwenda wapi, na nadhani wao pia hawakujua, lakini waliona kishikio kipya na wakapanga foleni.

Tukapiga picha, tukazituma. Jibu lilikuja mapema kuliko yote. Yule mama wa Bukavu alilisoma kwenye taa mbili tu.

"Mwalimu, banakubali." Akalisoma tena kuhakikisha. "Banasema kitu chenye hakikufungwa, chenye kinatoka, hicho si ujenzi. Ni kama kiti. Habana mamlaka juu ya kiti. Lakini siku ya kwanza mukubwa wao akuwe pale, aone hakigusi ukuta. Na mama aseme ile maana."

Nilimwambia asante, nikaichukua ile barua, nikaikunja, nikaitia kwenye dashibodi chini ya kitabu cha alama za barabarani. Nikajiambia nitampa jioni. Jioni ikapita na nyingine ikapita. Eedo alikuwa akiuliza kila nikiingia, "Hawajaandika?" na mimi najibu, "Bado," huku navua viatu ili nisimtazame. Wiki tatu. Sikuwahi kumdanganya mtu kitu kikubwa kama hicho, na kilichonitisha ni jinsi nilivyokuwa nalala usingizi mzuri.

Yule mama aliniuliza somo la kwanza kama shangazi amefurahi. Nikamwambia ana mafua. Somo la pili akaniuliza, nikamwambia aangalie vioo. Somo la tatu tulikuwa katikati ya raundabauti kubwa, magari yanatoka kila upande, akafungua dashibodi mwenyewe kutafuta tishu, akaiona barua imelala pale. Akakanyaga breki. Akazima injini. Akatoa ufunguo, akaukalia.

"Siendeshi," akasema.

Nikamwambia awashe gari, tuko raundabauti. Akasema anajua tuko raundabauti, mimi ndiye niliyemfundisha jina lake. Nyuma yetu honi zikaanza. Lazima muelewe gari la mafunzo lilivyo: upande wangu nina breki na klachi, pedali ya mafuta sina. Ninaweza kumsimamisha mtu kokote duniani lakini siwezi kumsogeza hata hatua moja. Nikagomba, nikatumia sauti yangu ya kazini, ile inayowafanya watu walie. Yeye amekunja mikono.

"Mwalimu, unamufungia mama ya watu," akasema taratibu. "Mimi nilikimbia nyumba yangu, na hakuna barua yenye itakuja kuniambia rudi. Yeye iko na barua. Unaiweka pamoja na tishu."

Basi la abiria lilikuwa limesimama ubavuni, dereva ameteremsha kioo ananiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilianza kulia. Nikasema nitampa leo. Akaniambia niape. Nikaapa, kwa Mungu, katikati ya raundabauti, kofia ya "mwanafunzi" juu ya gari inawaka, honi zinalia pande zote. Akatoa ufunguo chini yake, akawasha, akatia gia, akaingia kwenye msururu wa magari vizuri kabisa, kioo, ishara, nafasi. Wiki iliyofuata alipita mtihani.

Nilimpa Eedo barua nikiwa nimesimama. Yote hakuweza kuisoma lakini tarehe aliisoma. Akaitazama tarehe, akanitazama mimi.

"Posta ya hapa imekuwa mbaya siku hizi," akasema, akaenda kufunga begi.

Tulisafiri kwa gari langu, lile lile la mafunzo, chuma kimelala kutoka buti hadi kwenye kioo cha mbele, kati yangu na yeye. Mji ule ulikuwa na jua. Ngome niliikuta kubwa kuliko nilivyoikumbuka, na nyumba ndogo kuliko nilivyoichora, na yale maandishi mekundu yanasomeka kutoka mbali kabisa. Mkubwa wa ofisi alikuwa ameshafika: bwana mwembamba, skafu shingoni, futi ya kupimia mkononi, na daftari. Alimsalimia Eedo kwa heshima kubwa. Nadhani alikuwa amemuogopa kwa barua.

Kwanza akataka tamko. Eedo akajinyoosha, akamweleza kwa Kifaransa chake, neno kwa neno, kidole kikielekea ukutani. Yule bwana akaandika. Kisha akainua kichwa akasema, kwa unyenyekevu, kwamba nyumba ile isingeweza kuuzwa kwa siri hata kidogo, maana nyumba iliyo katika orodha haiuzwi bila ofisi yake kuarifiwa. Eedo akanigeukia. "Sasa si wangeniambia," akasema kwa Kiswahili.

Tukapanga chuma. Mzee wa Kisumu alikuwa amepima kwa picha, na picha ni picha. Ngazi za kule zimelika vibaya, kila moja kwa namna yake, na ile miguu minane ilikuwa inagusa chini mitano. Kikawa kinacheza. Nikakishika chini kwa mikono miwili. Juu bado kinayumba, kinaelekea ukutani, na bwana wa serikali akaruka kukizuia kisiguse jiwe, akakidaka, na hapo akanasa: akikiachia kinagonga ukuta unaolindwa. Akabaki amekikumbatia, skafu imeingia mdomoni, daftari limeanguka chini. Kwa hiyo ngazi zile, ambazo kwa karne zote haziruhusiwi kishikio, siku ile zilikuwa na kishikio kilichoundwa na chuma cha Kings Heath, mwalimu wa udereva, na mwakilishi wa serikali ya Ufaransa.

Eedo akapanda. Alipanda mguu mmoja, akauleta mwingine, akapumzika. Ngazi ya nne alisimama kidogo, akatazama pale mstari mwekundu unapoishia, akapita. Nilikuwa naona visigino vyake, vimepasuka, na soksi nilizomnunulia mimi. Nilitaka aanguke. Hapana, sikutaka aanguke. Nilitaka aseme haiwezekani, turudi nyumbani. Alifika juu akavuta ufunguo shingoni, akaufungua mlango kwa bega kama mtu aliyelifanya jambo hilo miaka ishirini, akaingia.

Tukamsikia akifungua madirisha ndani, moja moja. Kisha akatokeza mlangoni, kitambaa cha vumbi tayari mkononi, akatutazama sisi wawili tumekumbatia chuma.

"Kiondoeni hicho," akasema. "Kinaharibu sura ya nyumba."

Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Eedo, kisipokaa hapa utashukaje?"

"Kupanda ndiko kulikuwa na kazi."

"Na sokoni? Na hospitali?"

"Kuna kapu na kamba dirishani, jirani ananijua. Daktari ana miguu." Akakikung'uta kile kitambaa hewani. "Mimi nimeingia, Eedo. Kutoka mtanitoa nyinyi."

Alilisema bila huzuni yoyote, kama anayeniagizia chumvi. Yule bwana, bado ameshikilia chuma chake, aliniuliza amesema nini. Kifaransa changu ni kidogo. Nikamwambia anatushukuru, naye akainamisha kichwa kumjibu, na tukaanza kukishusha chuma, yeye juu na mimi chini, taratibu, kisiguse ukuta.